Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Maeneo ya Kenya, Utalii na Nafasi ya Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni abishapo hodi, kuku huchinjwa, na watoto wa nyumbani huonja kitoweo ambacho wasingekionja siku ya kawaida. Nchini Kenya mgeni amekuwa akibisha hodi kwa zaidi ya karne moja, na mlango haujawahi kufungwa. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: je, mwenyeji amepona? Wachumi hulijibu kwa kuhesabu fedha za kigeni, na hesabu hiyo ina umuhimu wake. Hata hivyo, liko jibu jingine ambalo linawahusu zaidi wapenzi wa Kiswahili, nalo limejificha katika maneno mawili ambayo lugha hii imeikopesha biashara ya wageni.

Neno la kwanza ni safari. Katika Kiswahili, kila aondokaye kwake kwenda kwingine yumo safarini: mfanyabiashara aendaye Kongowea kununua vitunguu, mwanafunzi arudiye chuoni, hata maiti apelekwaye kwao kuzikwa. Neno hilo lilipovuka bahari na kuingia katika Kiingereza, lilipunguzwa likabaki na maana moja tu, ya kwenda kutazama au kuwinda wanyama wa porini. Neno la pili ni utalii. Kitenzi talii kina asili ya Kiarabu, na kamusi za zamani hukipa maana ya kusoma kwa makini, kudadisi na kuchunguza. Mtalii, kwa asili ya neno lake, ni mtu anayejifunza. Ni ajabu iliyoje basi kwamba watu wenye lugha inayouita utalii usomi ndio walioachwa nje ya darasa hilo katika nchi yao wenyewe.

Ramani ya utalii wa Kenya imepunguzwa kama lilivyopunguzwa neno safari. Katika matangazo mengi nchi nzima imesalia picha mbili: simba nyikani na mchanga mweupe ufuoni. Ilhali Kenya ina takriban kilomita za mraba 580,000, na kufikia mwaka wa 2024 maeneo yake 8 yalikuwa yameorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia. Kati ya hayo 8, ni matatu tu yaliyotambuliwa kwa sababu ya maumbile: Mlima Kenya, mbuga za Ziwa Turkana na maziwa ya Bonde la Ufa. Matano yaliyosalia ni kazi ya mikono na fikra za watu: Mji wa Kale wa Lamu, misitu ya kaya za Wamijikenda, Ngome ya Yesu, Thimlich Ohinga na Gedi. Ulimwengu umemtambua mwenyeji. Matangazo ya nyumbani yangali yanamtambua ndovu.

Upungufu huu haukuzuka vivi hivi. Chini ya utawala wa kikoloni, wilaya za kaskazini zilifungwa, na msafiri alihitaji kibali ili kuingia au kutoka. Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka wa 1965 ulishauri kuwa fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye rutuba, mvua, barabara na umeme, kwa matumaini kuwa faida yake ingeenea kwingineko. Barabara zilifuata waraka, hoteli zikafuata barabara, na vipeperushi vikafuata hoteli. Si ajabu kwamba kwa miaka mingi wakazi wa Marsabit na Moyale walipopanda malori kuja Nairobi walisema kuwa wanakwenda Kenya. Hiyo haikuwa kauli ya mzaha. Ilikuwa jiografia ya nchi katika sentensi moja.

Hebu ramani hiyo itandazwe upya, eneo kwa eneo, ili ionekane ni mangapi yaliyoachwa nje.

Huko kaskazini kuna Ziwa Turkana, ziwa la magadi lililozungukwa na jangwa. Karibu na ufuo wake wa magharibi, mahali paitwapo Nariokotome, Kamoya Kimeu aligundua mwaka wa 1984 mabaki ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, mojawapo ya mifupa iliyokamilika zaidi ya mababu wa binadamu kuwahi kupatikana. Ng'ambo ya pili ya ziwa, upande wa Loiyangalani, upepo ambao wafugaji wameujua tangu jadi sasa unazungusha mitambo 365 yenye uwezo wa kuzalisha megawati 310 za umeme, uliounganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018. Eneo lililoitwa kame na lisilo na tija ndilo linalohifadhi historia ya kale kabisa ya binadamu, na ndilo linalowasha taa za mijini. Mgeni wa haki angeanzia hapo.

Bonde la Ufa nalo ni somo la uchumi na jiografia kwa pamoja. Pale Olkaria, mvuke utokao ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka wa 1981, kando ya Ziwa Naivasha ambako maua hukuzwa na kusafirishwa hadi Ulaya. Bogoria ina chemchemi za maji yachemkayo na makundi ya heroe. Kusini zaidi, Ziwa Magadi limebeba jina la bidhaa yake. Mswahili anayetia magadi chunguni ili maharagwe yaive haraka tayari ameisoma nusu ya jiografia ya ziwa hilo pasipo kujua. Na kwenye ukingo wa bonde uko mji wa Iten, ambako wageni huja kukimbia tu, wakifuata hewa ya nyanda za juu na nyayo za mabingwa.

Magharibi mwa nchi, msitu wa Kakamega ni salio la misitu mikubwa ya ikweta iliyowahi kuenea kutoka Kongo. Tabaka, katika eneo la Kisii, jiwe laini huchimbwa na kuchongwa vikombe na sanamu zinazouzwa mbali na kwao, mara nyingi bila mnunuzi kuelezwa zimetoka wapi. Vivyo hivyo vinyago vya Ukambani: uchongaji wa Wamunyu huhusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kinyago kinachonunuliwa Mombasa kama kumbukumbu ya ndovu kina ndani yake historia ya vita, safari na ujirani wa mataifa mawili, lakini hakuna anayeisimulia.

Hata Pwani, ambako wageni wamejaa tele, mengi hayajaonekana. Lamu imekaliwa mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, daka za milango, zidaka za ukutani na boriti za mikoko ni kamusi iliyojengwa. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Uarabuni, zikaezeka nyumba za huko. Mtalii alalaye ufuoni kwa wiki mbili huenda asilisikie hata moja kati ya maneno hayo. Anarudi kwao na neno moja tu, jambo, nalo halina hata kiambishi.

Mfano ulio wazi kuliko yote unapatikana katika milima ya Nyandarua. Mnamo Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa amelala katika hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti, usiku ambao babake alifariki naye akarithi ufalme. Kisa hiki husimuliwa kwa kila mgeni. Lakini msitu huohuo ulikuwa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau, ambao waliiteketeza hoteli hiyo mwaka wa 1954, na ni kando yake ambapo Dedan Kimathi alikamatwa mnamo Oktoba 1956. Mahali ni pamoja, miaka ni ileile, lakini hadithi ya mgeni imegeuzwa kivutio na ya mwenyeji imeachiwa vitabu vya mtihani. Kila mahali pana hadithi zaidi ya moja. Inayosikika ni ile iliyopata lugha na msimulizi.

Ni hapa ambapo Kiswahili kinaingia, na hakiingii kama pambo. Jina Kit-Mikayi, la majabali yaliyopandana karibu na Kisumu, ni Kijaluo na maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Thimlich Ohinga, boma la mawe lililojengwa Migori bila saruji wala udongo wa kushikiza, limeitwa hivyo kutokana na msitu wa kutisha uliolizunguka. Kijana kutoka Kwale hawezi kuzijua siri hizi kwa kusoma kibao tu. Anahitaji Mjaluo wa kumfumbulia, nao wawili wanahitaji lugha wanayoshiriki. Katika mazungumzo ya kawaida ya Wakenya, lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini aghalabu vibao, vijitabu na maelezo ya waongozaji huandaliwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo wasikilizaji ni watoto wa shule walioletwa kwa basi kutoka kaunti jirani. Mwalimu hulazimika kuwafasiria wanafunzi nchi yao.

Watakuwapo watakaopinga. Wa kwanza watasema kuwa biashara humfuata mnunuzi, na kwamba mnunuzi hasemi Kiswahili. Hoja hii ina ukweli, ila historia imeonyesha hatari ya kuitegemea peke yake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka wa 2007 ziliwafukuza wageni. Mwaka wa 2019 Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2 kutoka nje. Mwaka uliofuata, janga la korona lilipozuka, idadi hiyo ilianguka ikawa chini ya 600,000. Hoteli zilizobaki wazi zilimgeukia Mkenya na kumbembeleza atembee kwake. Kaulimbiu ya Tembea Kenya ilikuwa ya Kiswahili sanifu, lakini alichokikuta Mkenya baada ya kutembea hakikuwa cha Kiswahili. Mgeni wa ndani hawezi kuwa tairi la akiba, linalokumbukwa tu pindi lile la kawaida linapotoboka.

Wa pili watauliza kwa haki kabisa: je, kwa Mturkana au Mrendile, Kiswahili si lugha nyingine ngeni inayokuja kufunika yake? Hatari hiyo ipo, na wapenzi wa Kiswahili wasiifumbie macho. Kiswahili kikifika Loiyangalani kufasiri vipeperushi vya Nairobi tu, kitakuwa kimefanya kosa lilelile la Kiingereza. Kazi yake ni kusikiliza kwanza: kuyapokea majina ya wenyeji, maelezo yao na istilahi za kazi zao, kisha kuyavusha hadi kwa Wakenya wengine yakiwa na ladha yake. Lugha iliyopokea kutoka kwa Wabantu wa bara, Waarabu, Wahindi na Wareno haina sababu ya kushindwa kupokea kutoka kwa Wagabra.

Wa tatu watalalamikia fedha. Watasema kuwa Mkenya wa kawaida hawezi kulipia hoteli za kitalii. Hilo ni kweli, lakini ni kweli kwa sababu utalii umepimwa kwa kitanda cha hoteli. Ukipimwa kwa maana yake ya kwanza, ya kujifunza, basi anayeshuka matatu kwa saa mbili kuangalia wachongaji wa Tabaka ni mtalii kamili, na shilingi anazoacha hapo humfikia mchongaji mwenyewe.

Sheria imeufungua mlango. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Jedwali la Nne la katiba hiyohiyo limezikabidhi kaunti utalii wa mashinani. Kaunti zote 47 zina mamlaka ya kusimulia maeneo yao. Kinachokosekana ni watu wa kuandika, nao wamo katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu. Kila mwaka hutungwa tasnifu nyingi kuhusu riwaya zilezile na tamthilia zilezile. Mwanafunzi anayerudi Marsabit, Kisii au Tana River likizoni anapita katikati ya utafiti ambao haujafanywa: majina ya mahali, msamiati wa wavuvi, wachongaji na wafugaji, na visa vya milima na maziwa. Wahadhiri wakiukubali utafiti huo kuwa kazi ya kitaaluma, na chama cha Kiswahili cha kila chuo kikijitolea kuandika mwongozo wa eneo moja tu kwa mwaka, baada ya muda mfupi kutakuwa na maktaba ambayo serikali ya kaunti haitakuwa na kisingizio cha kuipuuza.

Ama kwa hakika, mgeni na aendelee kuja. Achinjiwe kuku, akaribishwe, aonyeshwe simba. Lakini kuku huyo ni wa nyumbani, na watoto wa nyumbani hawana budi kuketi mkekani pia, wakijua jina la mlima unaoonekana kupitia dirishani na sababu ya kuitwa hivyo. Siku Mkwale atakapofumbuliwa siri za Kit-Mikayi kwa Kiswahili, na Mmarsabit akapanda gari kuja Nairobi bila kusema kuwa anakwenda Kenya, hapo ndipo itakapodaiwa kwa haki kwamba mgeni alikuja, na mwenyeji akapona.