Majina Kwanza, Mapaa Baadaye

Wahenga walinena: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Methali hii yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba ambamo watu wema, walio maelfu ya maili kutoka Pemba au Kilwa, hukaa mbele ya kompyuta wakachora mapaa ya nyumba za watu wasiowajua, kisha wakayahesabu na kupongezana. Wema wao haukanushiki. Linalopaswa kuulizwa ni jambo jingine: ramani inayojengwa kwa kujitolea, iliyo mali ya wote, yajengwa ili iwe nini? Na ndani yake, kipi kitangulie?

Asili ya kazi hii ni ya heshima. Mwaka 2004, nchini Uingereza, Steve Coast alianzisha ramani ya OpenStreetMap. Wakati huo ramani bora za nchi ile zilikuwa mikononi mwa shirika la serikali, Ordnance Survey, na taarifa zake ziliuzwa kwa bei na masharti ambayo mtu wa kawaida hakuyamudu. Basi watu wakatoka na vipokezi vya GPS, hawa kwa miguu, hawa kwa baiskeli, wakapita njia moja baada ya nyingine, wakasoma na kuuliza majina, wakarudi nyumbani kuyaandika. Ramani ile ilizaliwa na nyayo. Mwishoni mwa mwaka 2010 kampuni ya Microsoft iliruhusu picha zake za angani zitumiwe kuchorea, na kuchora mji mzima bila ya kuukanyaga kukawa jambo jepesi. Hapo kiti kikaanza kuchukua nafasi ya mguu. Faida yake imesifiwa sana. Hasara yake haijapata msemaji.

Watetezi wa kiti wana hoja, na insafu yataka isikilizwe. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, watu waliojitolea kutoka nchi nyingi waliuchora mji wa Port-au-Prince kwa picha za angani katika muda mfupi, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo. Nani atathubutu kusema kwamba wangengoja kwanza kuuliza majina ya vichochoro? Anayezama hutupiwa kamba, haulizwi nasaba. Lakini kosa huanza pale dawa ya siku ya msiba inapofanywa chakula cha kila siku. Port-au-Prince ya Januari ile ilikuwa dharura. Makunduchi si dharura, wala Micheweni, wala Lamu. Huko muda upo wa kupiga hodi.

Tena mifano inayosifiwa zaidi katika Afrika ya Mashariki yatoa ushahidi upande wa nyayo. Mwaka 2009, huko Kibera, Nairobi, vijana wa mahali hapo wenyewe walishika vipokezi, wakapita vijiji vyao, wakaweka katika ramani vituo vya maji, vyoo, zahanati na shule, pale ambapo ramani huria ilikuwa na doa tupu. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu wakaenda mitaani pamoja na wakaazi, wakachora mifereji na maeneo yanayoingiliwa na mafuriko. Picha ya angani huweza kuuona mfereji. Haijui kwamba umeziba, wala kwamba maji yakija hufika kimo cha dirisha. Hayo huyajua mama aliyebeba magodoro yake usiku kuyaweka juu ya kabati.

Sasa na vitazamwe visiwa. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliendesha kazi ya kuipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani. Kazi hiyo ilifanywa na vijana wa visiwani, na ni ya kujivunia. Lakini maana yake ni hii: mapaa yamekwishaonekana. Na si hapa tu. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa bure michoro ya mamilioni ya majengo ya Tanzania na Uganda, yaliyotambuliwa na mashine. Mtu anayetoa jioni yake kuchora pembe nne za paa ashindana na mashine katika jambo ambalo mashine imekwisha kulijifunza. Kilichobaki kwa binadamu ni kile ambacho hakionekani kutoka juu.

Chukua Darajani. Picha ya angani itapigwa mara mia, na daraja halitaonekana. Hakuna. Lilikuwapo wakati hori lilipoingia kati, likiutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, kabla halijafukiwa. Jina peke yake ndilo linalokumbuka kwamba hapa palikuwa na maji. Na mhandisi wa mitaro mwenye akili angeanza kazi yake kwa kulisikiliza jina hilo. Chukua Ng'ambo. Neno hili lataja upande wa pili, na upande wa pili hauwi upande wa pili ila kwa mtu aliyesimama upande wa kwanza. Ndani ya silabi mbili imo historia ya nani alikuwa akimtazama nani. Kisiwandui labeba ndui ndani yake. Mkunazini, Mwembetanga na Mwembeladu ni miti iliyopandwa katika ulimi. Nani ataichora miti hiyo kwa kutazama mapaa?

Wapenzi wa ushairi wa pwani hawana haja ya kuhubiriwa jambo hili. Katika karne ya 15, Ahmad bin Majid, bingwa wa Kiarabu wa elimu ya bahari, alipotaka kuwafundisha wenzake njia ya kufika Sofala, aliitunga kwa nadhamu. Mwalimu wa chombo aliihifadhi njia kichwani kama mtu ahifadhivyo utenzi. Ramani ile ilikuwa ya majina na mpangilio wake, ikaaminiwa na watu walioweka roho zao juu yake. Hata leo mvuvi haongozwi na umbo la mwamba lionekanalo kutoka mbinguni. Aongozwa na jina alilopewa na babake, na onyo lililofungwa katika jina hilo. Mvuvi yule akifa kabla ya kuulizwa, hakuna satelaiti itakayolifufua.

Na kinachopotea hakiachi pengo tupu, pengo hujazwa. Ufuo usioandikwa jina la wenyeji utaandikwa jina la hoteli iliyo juu yake, na mtoto atakayezaliwa hapo ataelekezwa kwao kwa jina la biashara ya mgeni. Mwaka 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom ziliungana kuanzisha shirika la Overture, ambalo hukusanya taarifa za ramani, zikiwamo za OpenStreetMap, kwa matumizi ya programu nyingi. Hilo si dhambi: leseni ya ramani huria huruhusu kila mtu achukue, mradi ataje chanzo, na akiongeza chake katika hazina hiyo na kukitangaza, akiache wazi vilevile. Lakini maana yake ni kwamba jina litakaloandikwa leo kwa haraka laweza kesho kuwa katika simu za mamilioni. Kosa litasafiri kama vile ukweli ungesafiri.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi na upinduliwe. Yatangulie majina, kwa Kiswahili cha mahali penyewe, si Kiswahili cha ofisini. Na penye majina mawili, yaandikwe yote mawili, kwani ramani hii ina nafasi ya kuyahifadhi. Yafuate maji, na njia za miguu, na mahali mgonjwa anapopata tiba. Mapaa yaje mwisho. Na lisilotakiwa na wenyewe lisiandikwe kabisa: pana mizimu na makaburi na dema za wavuvi ambazo usalama wake ni kutojulikana. Uwazi usiombewa ruhusa ni kuchungulia.

Lakini lawama yote isitupwe ng'ambo ya bahari. Mlango wa ramani hii haukufungwa. Kwa simu ya mkononi, mtu yeyote wa Wete au Jambiani aweza kuingia na kusahihisha. Kulalamika kwamba wageni wamelikosea jina la mtaa, ilhali mwenyeji hakuliandika, ni kulaumu kivuli. Vyaelea vimeundwa. Katika kila mtaa yupo mzee ajuaye kwa nini kichochoro chake chaitwa kinavyoitwa, na yupo mjukuu wake mwenye simu mkononi. Ramani inayostahili jina la huria itaanza siku wawili hao watakapokaa baraza moja, mmoja akisema na mwengine akiandika.