Kilomita Ambazo Hakuna Anayeziandika

Matangazo ya magari ya mkononi Dar es Salaam yanafanana: "IST namba E, AC kali, injini haijaguswa, ni kuwasha na kuondoka, maongezi yapo." Katika maneno yote hayo, lenye bei ni ile herufi E. IST mbili za mwaka mmoja, rangi moja na injini moja hupishana mamilioni ya shilingi kwa sababu moja ina namba D na nyingine ina namba E. Herufi inaeleza jambo moja tu, kwamba gari lilisajiliwa Tanzania lini. Lilitengenezwa lini, lilizunguka kiasi gani Japani kabla ya kupanda meli, liliwahi kuzama kwenye maji au kupinduka, herufi haijui. IST za toleo la kwanza, hizi zilizojaa mitaani, zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Kwa hiyo hata ile iliyovishwa namba mpya juzi ina umri wa kupiga kura.

Sina ugomvi na anayetafuta herufi. Hana kitu kingine cha kushika. Kadi ya gari itampa namba ya chesisi, ya injini, mwaka wa kutengenezwa, rangi na jina la mwenye gari. Kilomita hazimo. Historia ya ajali haimo. Mtu anayetoa akiba ya miaka mitatu anaachwa abahatishe kwa kutazama kibao cha namba, mng'ao wa bodi na uso wa dalali.

Na ubahatishaji huohuo umeingia hata kwenye mjadala wa sera, ila huko unaitwa umri. Kenya iliamua zamani: kiwango chao cha KS 1515 kinazuia gari lililotumika kuingia likiwa na zaidi ya miaka 8, kiasi kwamba mwaka 2025 walipokea lile tu lililosajiliwa mara ya kwanza kuanzia Januari 2018. Uganda ilirekebisha sheria yake mwaka 2018 na kuyafungia mlango magari yenye miaka 15 na kuendelea. Tanzania imeshika njia yake: leta gari la umri wowote, lakini uzee wake utaulipia. Kwa utaratibu uliodumu miaka mingi, gari dogo lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na likipita miaka 10 ni asilimia 30.

Tuiweke kwenye hesabu. Gari la cc 1,300 limethaminishwa shilingi milioni 5 likiwa limefika bandarini, usafiri na bima vikiwemo. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalipeleka milioni 6.25. Juu yake unakuja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, halafu ile asilimia 30 ya uzee, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Ukijumlisha, kodi hizo zinakaribia milioni 5, yaani umelinunua gari mara mbili. Uzee peke yake, pamoja na VAT iliyoupanda mgongoni, umekula milioni 2.2. Sasa chukua gari la miaka 6 lenye thamani ya milioni 10. Adhabu ya uzee halina, lakini kodi zake bado zinafika milioni 5.5 hivi, na jumla inasimama kwenye milioni 15.5 dhidi ya milioni 10 za lile kuukuu. Nesi mwenye milioni 11 za SACCOS atachagua lipi? Atachukua lile la zamani, atalipa adhabu, na fedha ambazo zingemnunulia tairi mpya na shokapu nne zitakuwa zimeenda Hazina. Kodi ya uzee inakusanya mapato vizuri sana. Kumsogeza mnunuzi kwenye gari bora ni kazi nyingine, na hiyo haifanyi.

Wanaotaka tufuate Kenya wana hoja nzuri kuliko tunavyopenda kukiri. Gari la karibuni hutoa moshi mchafu kwa kiasi kidogo zaidi na lina breki na mikoba ya hewa bora zaidi. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kuwa kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje duniani, na asilimia 40 yakaja Afrika. Hatuwezi kujifanya hatujui yanakoishia. Lakini sheria ya umri husimama mlangoni tu. Gari likishavuka, hakuna anayeliuliza tena lina miaka mingapi. Yanayoruhusiwa kuingia yakipanda bei, walionayo ya zamani huyashikilia kwa muda mrefu zaidi, na Vitz ya 2008 huendelea kupita mkono hadi mkono Nairobi, kila mwenye nayo akijua machache zaidi kuhusu ilikotoka. Ukomo wa miaka 8 haumsaidii mnunuzi wa tano. Na katika nchi zetu mnunuzi wa tano ndiye yule mfanyakazi wa kawaida anayetaka kufika kazini.

Huyo mfanyakazi, tuseme ni yule nesi wetu, tumtazame kwa karibu. Anakaa Kibamba, anafanya kazi Posta, kwa siku anasafiri takriban kilomita 50 kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,100. Tuseme lita ya petroli ni shilingi 3,000, kwa urahisi wa hesabu, maana EWURA hutangaza bei kikomo upya kila mwezi. Gari la cc 1,000 linalokwenda kilomita 15 kwa lita litamla 220,000 kwa mwezi. La cc 1,300 linalokwenda 12 litamla 275,000. Linalokwenda 9, kama zilivyo SUV nyingi kwenye foleni ya Kimara, litamla karibu 367,000. Kutoka SUV hadi gari la cc 1,300 anaokoa zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na hapo simshawishi mtu zaidi. Lakini kutoka cc 1,300 hadi cc 1,000 anaokoa 55,000 kwa mwezi, na akiba hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Wanalikimbilia gari linalokunywa kidogo kuliko yote, ambalo pia halitozwi ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, bila kuuliza gia boksi yake imetunzwaje.

Vitz za baada ya 2005, Nissan Note na Honda Fit, nyingi zina gia boksi ya CVT. Ni nzuri kwa mafuta ikiwa hai. Inataka oili yake yenyewe, iliyoandikwa CVT, na kila mtengenezaji ana aina yake. Fundi akimwaga ile oili nyekundu ya gia boksi za kawaida, au mwenye gari akidanganywa kwamba oili hiyo haibadilishwi maisha, gari litaanza kusita unapoondoka, kisha kuvuma, kisha kufa. Gia boksi moja ikifa, ile akiba ya mafuta ya mwaka mzima imerudi sokoni Gerezani. IST ya kwanza ina gia nne za kizamani, inakunywa mafuta zaidi kidogo, lakini kila fundi wa Tabata anaifahamu, injini yake ya 2NZ au 1NZ inatumia cheni badala ya mkanda, na spea zake hazikulazi njaa. Kwa mtu wa Kibamba mwenye milioni 11, mimi ningechukua hiyo au Raum yenye injini hiyohiyo, niliache lile lenye maandishi ya D-4 kwenye mfuniko wa injini hata kama ni Premio inayong'aa. Ile pampu yake ya presha kubwa haitaki petroli chafu, na mimi siwezi kumwapia mtu petroli ya kila sheli.

Takwimu za ulaji mafuta zinazobandikwa kwenye matangazo nazo zisikuvuruge. Magari ya enzi hizo yalipimwa Japani kwa kipimo kiitwacho 10-15, ndani ya maabara, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Hakuna anayeendesha Dar mwezi Februari kiyoyozi kikiwa kimezimwa, labda kama kimekufa.

Gesi asilia inaweza kugeuza hesabu hii. Kilo imekuwa ikiuzwa shilingi 1,550, na kilo moja hukufikisha mbali kidogo kuliko lita ya petroli. Ila mtungi unameza buti, mfumo wenyewe ni mtaji mwingine wa mamilioni, na saa unazokaa kwenye foleni ya kujaza hazimo kwenye hesabu ya anayekuuzia. Anayepita Morogoro Road na kituo kikiwa njiani, sawa.

Kinachoamua, hata hivyo, ni lile gari moja lililo mbele yako. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ina joto, utasikia, "Kaka, nimelipasha kidogo tu ili usichelewe." Mshukuru, rudi kesho. Injini inayokula oili, yenye koili mbovu au gia inayochelewa kuingia hujificha ikishapata moto, na madalali wanalijua hilo vizuri. Likiwashwa baridi, asimame mtu nyuma aangalie moshi wa kwanza: wa bluu ni oili. Fungua mfuniko wa kuwekea oili, chungulia kwa tochi ya simu. Ukiona tope jeusi, mwenye gari alikuwa akiongeza oili bila kubadilisha. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Kwenye Toyota nyingi kuna lebo chini kabisa yenye tarehe ya kutengenezwa, nayo isipishane sana na mwaka wa kwenye kadi. Mkanda huo ukiwa na mstari wa matope makavu huko ndani ambako hakuna anayefua, gari limewahi kuogelea.

Halafu fungua mlango wa dereva na kagua fremu yake. Mafundi wa Japani hubandika kijikaratasi cha kubadilisha oili chenye tarehe na kilomita, na mara nyingi hakuna anayejisumbua kukibandua kwa sababu hakuna anayekisoma. Miaka huandikwa kwa hesabu ya utawala wa mfalme: H25 ni mwaka wa 25 wa Heisei, ongeza 1988 upate 2013, R2 ni Reiwa, ongeza 2018 upate 2020. Kijikaratasi kikisema kilomita 118,000 mwaka 2013, na dashibodi leo inasoma 76,000, mazungumzo ya bei yameisha.

Huko Japani, ili gari liendelee kuwa barabarani lazima lipite ukaguzi wa lazima, wa kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa kwenye cheti. Rekodi hiyo ipo. Inafutika kimya kimya mahali fulani kati ya mnada na yadi ya hapa kwetu. Tunapokea chuma, karatasi zinabaki.

Na zipo karatasi zenye uhai wa watu ndani yake. Mikoba ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa kwenye mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan na mengine, iliitwa kurudishwa dunia nzima kwa sababu kemikali yake huchakaa na mkoba ukifumuka hurusha vipande vya chuma kwa dereva. Kinachoichakaza haraka ni joto na unyevu wa miaka mingi. Hebu fikiria gari lililokaa Tanga, Mombasa au Kigamboni. Mwenye gari Japani alipigiwa simu, akabadilishiwa bure. Gari lililopanda meli kabla ya simu hiyo halijapigiwa na mtu. Namba ya chesisi ukiiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji huko Japani utajua kama lako lilirekebishwa, lakini ukurasa uko kwa Kijapani na hakuna anayekwambia upo. Hapa ndipo wenye hoja ya umri wanaponibana kweli: gari la baadaye lina uwezekano mdogo wa kuwa na mkoba huo. Nami najibu kwamba msomaji wa namba ya chesisi angelikamata gari lenyewe, liwe la 2004 au la 2012.

TBS ndiyo yenye dhamana ya ubora wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini, yakaguliwe yanakotoka au bandarini. Mkaguzi tayari anafungua mlango wa kila gari. Aandike kilomita zinazosomeka, anakili zile za kwenye hati ya Japani, aiangalie chesisi kwenye orodha ya yaliyoitwa kurudishwa, na taarifa hizo ziingie kwenye mfumo wa TRA zikiwa zimefungwa kwenye namba ya gari. Kila umiliki unapohamishwa, kilomita ziandikwe tena, na mnunuzi aweze kuzisoma kwa simu kabla hajalipa. Najua kitakachosemwa: kuna mafundi wa kurudisha nyuma kilomita kila kona. Wapo, lakini dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi pale tu ambapo hakuna namba ya jana ya kuilinganisha nayo. Na najua pia nani hatafurahi. Yadi zinazouza magari ya kilomita 76,000 yenye usukani uliolika hadi kung'aa na pedeli ya breki iliyopungua mpira hazitalishabikia wazo hili, na zina sauti kubwa kuliko nesi wa Kibamba.