Gari linavuka mpaka, kwa nini bima ibaki nyumbani?

Nakawa, kando ya barabara ya Jinja, ndipo gari la mfanyabiashara mdogo linapoanzia maisha yake. Kuna yadi za magari yaliyotumika kutoka Japani. Kuna jengo refu la Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA), ambalo kila mwenye gari analijua hata kama hajawahi kuingia ndani. Si mbali na hapo kuna soko, ambako mizigo hupakiwa na kupakuliwa tangu alfajiri. Kutoka hapo barabara inaelekea Busia na Malaba.

Siku hizi gumzo la wenye magari ni moja: gharama. Wana haki ya kulalamika. Ila katika gharama hizo zote, iko moja ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kuirekebisha bila serikali yoyote kupoteza mapato. Nayo ni bima.

Tuanze na bei ya gari lenyewe. Chukua gari ambalo thamani yake, pamoja na usafirishaji na bima ya safari, ni dola 4,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 1,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haitozwi kwenye zile 4,000 pekee, bali kwenye 5,000, yaani dola 900 nyingine. Hapo bado kodi ya zuio ya asilimia 6, bado tozo ya mazingira kwa gari lenye umri mkubwa, bado usajili na namba. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Nia ni njema, kwa kuwa moshi wa Kampala tunauvuta sote. Lakini mwenye mtaji mdogo, ambaye uwezo wake ni gari la zamani, ndiye anayebanwa zaidi.

Bei hiyo ikishapanda, bima nayo inapanda. Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likigongwa au kuibwa, hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Gari likipanda bei kwa sababu ya kodi, bima yake hupanda pia. Matokeo yake tunayajua: wengi wanaiacha bima kubwa na kubaki na ile ya mtu wa tatu, kwa sababu ndiyo askari wa barabarani anayoiuliza.

Sasa tazama bima hiyo ya lazima inatoa nini. Sheria ya Uganda iliyoianzisha ni ya 1989. Iliweka kikomo cha fidia kuwa shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa, na milioni 10 kwa ajali nzima. Hailipi gari ulilogonga wala kibanda ulichokiangusha. Shilingi milioni 1 mwaka 1989 ilikuwa fedha ya kuheshimika. Leo inaweza kuisha hospitalini kabla mfupa uliovunjika haujaunga. Kinachobaki anakidai aliyeumia kwako, na anayekwenda kulipa ni mtaji wako.

Vuka Busia sasa. Nchini Kenya, kikomo cha fidia kwa mtu mmoja chini ya bima kama hiyo ni shilingi milioni 3 za Kenya, ambazo kwa viwango vya miaka hii ni zaidi ya milioni 80 za Uganda. Mtu yule yule, akigongwa na gari lile lile, thamani yake inabadilika mara 80 kwa kuvuka mpaka. Na stika ya Uganda iliyoko kwenye kioo chako haikulindi upande ule.

Dawa ipo, na si mpya. Inaitwa Kadi ya Njano ya COMESA, na imekuwa ikifanya kazi tangu 1987. Ukiwa na bima halali ya nchi yako, kampuni yako hukuongezea kadi hiyo, na bima yako inatambuliwa katika nchi nyingine wanachama kwa viwango vya sheria ya nchi ulimopatia ajali. Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Tanzania nayo imo, ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Wenye malori wanaijua vizuri. Mwenye Probox au Noah anayevuka mara mbili kwa wiki mara nyingi huisikia kwa mara ya kwanza akiwa mpakani, nyanya zikimwivia garini.

Kwa mizigo, Jumuiya ilishaona tatizo la mfanyabiashara mdogo. Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 huvuka kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa pale pale mpakani. Kwa nini gari linalobeba bidhaa hizo lisipate utaratibu rahisi kama huo? Ulaya waliamua tangu 1972 kwamba bima ya lazima ya gari lililosajiliwa nchi moja imlinde mwenye gari katika nchi zote za jumuiya yao. Hatuhitaji kufika huko kesho. Tuanze na mambo mawili. Kwanza, kila anayekata bima ya lazima aulizwe hapo hapo kama anavuka mpaka, na apewe Kadi ya Njano kwa siku, wiki au mwezi, kwa bei iliyobandikwa ukutani. Pili, Uganda ipandishe kikomo kile cha 1989.

Makampuni ya bima yatasema kikomo kikipanda na malipo yatapanda. Ni kweli, na mfanyabiashara atakunja uso. Lakini bima ya bei ndogo isiyolipa hospitali ni ghali kuliko ile ya bei kubwa kidogo inayolipa. Kinachowaudhi watu ni kulipa kila mwaka kwa karatasi ambayo siku ya msiba haiwasaidii.

Wakati tunasubiri wakubwa wakae mezani, ndugu mfanyabiashara, jilinde. Omba Kadi ya Njano kwa kampuni yako kabla hujatoka Kampala, usiinunue kwa mtu usiyemjua anayezunguka na karatasi mpakani. Soma matumizi yaliyoandikwa kwenye bima yako: gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likikutwa na magunia ya kukodishwa, kampuni inaweza kukataa kulipa. Na kwa kuwa vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vipo, vijadiliane bei kwa pamoja. Kampuni ya bima humsikiliza mwenye magari 50 kuliko mwenye gari moja.

Soko la pamoja lilizinduliwa Julai 2010. Kitunguu kinavuka, mayai yanavuka, na dereva anavuka kwa kitambulisho. Bima ya gari lake nayo ivuke.