Wale watano uwanjani, na karatasi ambayo mashini inasoma

Ku Marekani, mutu anayefuata basket anaweza leo kuuliza akili ya mashini, ile kwa Kifaransa wanaita IA: wachezaji gani watano wa ekipe hii wanashinda zaidi wakiwa pamoja uwanjani? Mashini inatuma ajenti, ni kusema programu inayotumika peke yake, iende kuchota hesabu mu chombo kingine: wale watano walicheza dakika ngapi pamoja, walitia pointi ngapi, walitiwa ngapi. Ajenti haikuona mechi hata moja. Kile inajua juu ya chombo ni paka karatasi ya maelezo iliyoandikwa na wale waliokitengeneza. Karatasi ikiwa mubaya, jibu litakuwa mubaya, hata kama hesabu zenyewe ziko sawa.

Mutauliza, ndugu: delege wa mine anatafuta nini mu basket? Ngojeni kidogo.

Mumuchukue Bismack Biyombo, mutoto wa Lubumbashi. Mu 2011 alichaguliwa wa 7 kuingia NBA, akaenda kuchezea Charlotte. Ile sezoni ya 2011-2012 ilikatwa juu wenye maekipe walifunga milango katika ugomvi na sindika ya wachezaji (ndiyo, hata wale wako na sindika). Wakacheza mechi 66 pahali pa 82. Charlotte ilishinda 7, ikapoteza 59. Mu historia yote ya NBA hakuna ekipe iliyomaliza sezoni na kipimo cha ushindi cha chini kuliko hicho.

Sasa ajenti inauliza: Biyombo akiwa uwanjani, ekipe ilipata ao ilipoteza pointi ngapi? Mu ekipe iliyopigwa mara 59, shifre kama ile inaanguka chini ya ziro karibu kwa kila mutu. Karatasi muzuri inapashwa kusema wazi kwamba hii hesabu ni ya watano, si ya mutu mumoja. Ndani yake muko wenzake wane, na wale watano wa upande wa pili. Lakini kama imeandikwa tu "inaonyesha faida ya muchezaji", ajenti itaandika kwamba kijana wetu alikuwa muzigo. Itaandika kwa maneno mazuri, bila kutetemeka, na musomaji ataamini.

Tena kuko mwaka. Sezoni ya NBA kwa kawaida inaanza mwezi wa 10 na kuisha mwezi wa 6. Ukisema "sezoni 2012", ni ile iliyoisha 2012 ao ile iliyoanza 2012? Mutu angeuliza. Ajenti mara nyingi inachagua moja na kuendelea na safari.

Jambo linalonikasirisha zaidi ni la dakika. Tuseme watano wamecheza pamoja dakika 6 tu, wakazidi wenzao kwa pointi 14. Kama chombo kinageuza kila kitu kuwa mechi nzima ya dakika 48, kinazidisha mara 8: pointi 112! Mechi ya NBA iliyoisha na tofauti kubwa kuliko zote, Memphis na Oklahoma City mu mwezi wa 12 wa 2021, ilikuwa pointi 73. Na ku Afrika tunacheza dakika 40, kwa sheria za FIBA. Kama karatasi haisemi mechi gani inahesabiwa, kulinganisha kunakuwa bule. Inapashwa kutaja kiasi cha chini cha dakika, na kuagiza ajenti imuambie mutu: "dakika hazitoshi."

Wenye kutengeneza wanajibu kwamba karatasi ndefu inachosha mashini. Kuna ukweli. Basi wakate masifu, waache mipaka.

Sasa turudi kwetu. Mu mine pia tunahesabiwa kwa ekipe: tani ngapi posti ya usiku, tani ngapi posti ya muchana. Nimekaa mu mikutano ambako shefu analeta shifre, na hakuna anayejua kama saa za mvua zimetolewa, ao zile pompo ilikuwa imekufa, ao kamiyo mbili zilikuwa ku garage. Dereva wa kamiyo ya tatu anabeba hesabu ya wote, sawa vile Biyombo. Kesho ile shifre itasomwa na ajenti, na primi ya mama wa watoto itatoka humo.

Kodi ya kazi ya 2002 inamuomba mwajiri aulize mawazo ya delegasio ya wafanyakazi juu ya mufumo wa mishahara na primi. Kwa hiyo siku wataleta mashini ya kupima ekipe, madelege waombe karatasi ya maelezo mbele ya kuangalia shifre, waisome mustari kwa mustari: inahesabu nani, kutoka saa gani, na inafanya nini wakati mashimo yamejaa maji.