FEDHA ZA TASAF SI SADAKA YA CHAMA!

Kila uchaguzi unapokaribia, wimbo ni ule ule. Vigogo wa CCM hupanda jukwaani na kuwakumbusha akina mama wa vijijini kwamba fedha za TASAF zimeletwa na chama chao, hivyo wasisahau fadhila.

Fadhila gani, ndugu msomaji? Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012. Sehemu kubwa ya fedha zake ilitokana na mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya wahisani. Mikopo hiyo hailipwi na wakubwa wa Lumumba. Inalipwa na mlalahoi anayekatwa kodi kwenye sabuni na sukari, awe wa CCM au wa upinzani.

Na tuitazame hiyo neema yenyewe. Kwa viwango vya awali, mtoto wa shule ya msingi alitengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30: hazifiki hata shilingi 70! Kiwango cha juu kabisa kwa kaya kilikuwa shilingi 38,000, hata kama nyumbani kuna watoto wanane. Mtoto akikosa shule au kliniki, fedha zilikatwa. Je, shule ikikosa mwalimu na zahanati ikikosa dawa, nani anakatwa posho?

Hatusemi mpango ufutwe. Asilani! Wapo watoto waliopata uji na daftari kwa fedha hizo. Tunasema haki isigeuzwe hisani. Afrika Kusini ilianza kutoa ruzuku ya mtoto mwaka 1998, na leo ruzuku hiyo imo katika sheria. Mzazi akinyimwa, ana pa kukata rufaa. Kwetu, Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya asiyejiweza kusaidiwa na jamii. Lakini Ibara ya 7 inazifunga mahakama mikono zisiitekeleze! Mama akifutwa kwenye orodha, atasimama na sheria gani mbele ya hakimu?

Bunge litunge sheria: nani anastahili, anapata kiasi gani, kiwango kipande bei zinapopanda, na anayeonewa akate rufaa wapi.

Mpaka hapo, akina mama, mkiambiwa fedha ni za chama, ulizeni: chama gani hiki kinachokopa kwa jina la Watanzania wote, kisha kikajipigia makofi peke yake?

Pokeeni fedha, ni haki yenu. Kura msiziweke rehani.