Goma: Kabla ya kumlaumu mama mjamzito, ulizeni nani alimpima presha

Mama akifariki akijifungua hapa Goma, swali la kwanza mtaani huwa: "Kwa nini alichelewa hospitali?" Swali hilo linawafaa sana wakubwa wa afya, maana marehemu hawezi kujibu.

Mimba ya hatari si uchawi, na mara nyingi hujulikana mapema. Aliyepasuliwa katika uzazi uliopita, mwenye mapacha, mwenye sukari, msichana mdogo: hao wapaswa kutambuliwa tangu CPN ya kwanza na kutumwa kwa daktari wa uzazi. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya miezi mitano, na mkojo ukionyesha protini, kifafa cha mimba kiko njiani. Kulijua hilo hakuhitaji profesa kutoka Ulaya, ni mashine ya presha na kijiti cha kupimia mkojo. Dawa pia ipo: utafiti mkubwa wa 2002 ulionyesha kwamba sulfati ya magnesiamu hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Basi mama aliyepimwa kilo na tumbo tu, eti mashine imekufa, hakufanyiwa CPN, hata kadi yake ijazwe vizuri namna gani.

Kwa waliokimbia vita hali ni mbaya zaidi. Kambi za Bulengo na Lushagala zilipovunjwa Februari 2025, watu walipewa siku chache tu. Walibeba watoto na sufuria; nani angekumbuka fishi ya CPN? Leo mama anafika kituo kipya, awe Sake au kwa ndugu Ndosho, na kovu la tumbo ndilo fishi pekee aliyobaki nayo. Muuguzi asipouliza, asipoangalia, mama huyo ataandikwa kama mwenye mimba ya kawaida.

Halafu anapewa karatasi ya transferi. Karatasi haina magurudumu! Usiku kupata moto ni shida, na tangu benki zifunge milango Januari 2025, jamaa wengi hawana hata wa kumkopa. Akifika na kupasuliwa, linakuja deni. Kuzuilia mama na kichanga hospitalini mpaka familia ilipe ni desturi inayojulikana Kongo nzima, na jirani aliyeiona ataamua kuzalia nyumbani. Huyo ndiye "aliyechelewa."

Wauguzi watasema hawalipwi. Kwa wengi ni kweli, lakini hilo ni deni la wakubwa, si la mama. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulihesabu vifo 846 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hao wote walichelewa kwa uzembe?

Zoni za afya za Goma, Karisimbi na Nyiragongo zianze na jambo dogo: kila kituo kibandike mlangoni kama mashine ya presha inafanya kazi, namba ya gari la wagonjwa, na bei ya kupasuliwa. Kituo kisicho na mashine kiseme wazi, mama aende kwingine.

Na mwenye kichwa kikali, anayeona ukungu, aliyevimba uso, anayetoka damu au asiyesikia mtoto akicheza, asingoje tarehe ya CPN. Aende siku hiyohiyo. Aliyekwisha kuzaa pia: kifafa huweza kuja hata baada ya mtoto kutoka.