Megawati 2,115 Ziko Wapi Kwenye LUKU Yako?

Makamanda, tuanze na ukweli tusioogopa kuusema: umeme wa maji ni kitu kizuri. Haununui dizeli, hauchomi gesi, na bwawa likishajengwa mvua inaleta nishati bure. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Hakuna mpinzani mwenye akili timamu anayelia kwa sababu nchi yake ina umeme. Kwa hiyo wale chawa wanaoimba kwamba tunachukia maendeleo, watafute wimbo mwingine.

Hoja yetu ni hii: bwawa limejengwa kwa zaidi ya shilingi trilioni 6, na Serikali yenyewe ilijisifu kwamba ni fedha za ndani. Sawa kabisa. Fedha za ndani maana yake ni jasho la bodaboda, machinga na mkulima. Kama tumelipa sisi, faida ni yetu, na hesabu ya hasara tuna haki ya kuiona.

Tuanze na faida. Tuliahidiwa tangu enzi za Magufuli kwamba bwawa likiisha bei itashuka. Limeisha. Kijana wa kuchomelea mageti anaona nini kwenye LUKU yake? Aprili 2024 mitambo kadhaa ya umeme wa maji ilizimwa, eti umeme umezidi mahitaji. Umezidi, huku mama zetu bado wanapikia mkaa! Ni Serikali hiihiyo ambayo Januari 2022 iliipandisha gharama ya kuunganishiwa umeme mjini kutoka 27,000 hadi 320,960. Halafu Machi 2025 Rais akatetea mpango wa kununua umeme Ethiopia kwa ajili ya kaskazini, kwa sababu umeme wetu unapotea mwingi njiani. Jamani, unajengaje jiko la trilioni 6 kabla ya kufikiria sahani?

Sasa hasara, ambazo kwenye mabango hazipo. Mkulima wa Rufiji kwa vizazi amelima mlau: mto unafurika, unaacha tope lenye rutuba, maji yakipungua anapanda. Bwawa linazuia tope hilo na kubadilisha majira ya maji. Chini kabisa kuna delta, mikoko na wavuvi wa kamba, wote wanategemea mto huohuo. Aprili 2024 mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zikazama. Serikali ikasema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Inawezekana. Lakini bwawa lilikuwa linafungulia maji, na mwananchi wa kule chini alistahili kujua mapema ni maji kiasi gani yanakuja na lini.

Na mvua haina kadi ya chama. Tunakumbuka mgao wa 2006, kina cha Mtera kiliposhuka, tukaletewa Richmond. Tunakumbuka 2011. Oktoba 2015 mitambo ya maji ilizimwa kwa ukame. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka Kilombero. Bonde lile likiharibika, mitambo 9 itabaki sanamu. Nchi yenye upepo wa Singida, jua la Shinyanga na jotoardhi la Mbeya haina sababu ya kuweka mayai yote kwenye kapu moja.

Kwa hiyo tunadai mambo manne:

1. Bei ya uniti ishuke, na gharama ya kuunganishiwa mjini irudi 27,000.
2. Ratiba ya kufungulia maji iwe wazi, na taarifa zifike kila kijiji cha Rufiji na Kibiti kabla ya maji kufika.
3. Wakulima na wavuvi wa chini ya bwawa wahesabiwe na walipwe fidia.
4. Njia za kusafirisha umeme na vyanzo vingine vipewe fedha kwa kasi ileile ya bwawa.

Tuma hii kwenye magrupu yako. Diwani au mbunge akija kuomba kura kwa picha ya bwawa, mwulize swali moja tu: mheshimiwa, hizo megawati mbona kwangu hazijafika? Usimwachie kipaza sauti mpaka ajibu.